Harufu ya Kambare

Kwa Bibi Ozella Pettway, chakula cha jioni hakikuliwa bila kitendawili. Jumapili ile, baada ya kanisa, alimtegea mjukuu wake Kendarius hivi: "Nimefunga mlango, nimefunga madirisha, nimenyamaza kimya. Jirani huyo, kaja na sahani yake."

Kendarius alitafuna, akawaza, akatafuna tena. "Mtoto analia?"

"Nimesema kimya."

"Basi redio."

"Redio iliyonyamaza? Haya, karai lile pale."

Ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba: anayeshindwa anaosha vyombo. Jumatatu kikarudi kilekile akashindwa tena, Jumanne vilevile, na kufikia Alhamisi vidole vilikuwa vimemnyauka kwa povu.

Lakini lililomkosesha usingizi lilikuwa la Ijumaa. Ijumaa shule yao ya Sumrow ilikuwa inacheza na Coldwell, watu wa ng'ambo ya mto, ambao hawajawahi kufungwa na Sumrow tangu Kendarius yuko chekechea. Ulikuwa mchezo wake wa mwisho shuleni, na aliutaka kuliko sikukuu yoyote.

Huu ulikuwa mpira wa Kimarekani, ule wa kurusha na kudaka kwa mikono, na Kendarius alikuwa mpokeaji wa pembeni. Mrushaji anarusha, yeye anapokea, na katikati yao yupo mlinzi ambaye hataki. Wasiojua hudhani kazi hiyo ni mbio tu. Wapo wenye mbio za swala ambao mpira wanausikia kwa jirani. Kazi yenyewe ni kumdanganya mtu kwa mwili mzima. Unaondoka kana kwamba unakwenda mwisho wa dunia, kifua kimelala juu ya magoti, macho mbele, mikono inachapa, mpaka mlinzi asadiki, ageuze kiuno akimbie nawe. Hapo unashusha nyonga kama anayekalia kigoda, unakanyaga mguu wa ndani, unakata kwenda pembeni, naye anabaki anakimbia na upepo. Ole wako uinue kifua kabla ya kukata. Kifua kikiinuka, siri imetoka.

Kendarius hakuinua. Majira yote ya joto alikuwa akikata njia hizo kwenye barabara ya vumbi kando ya mashamba ya pamba, mpaka mbwa wa jirani wakachoka kumfukuza.

Ijumaa ikafika, majukwaa yakajaa. Mpira wa kwanza wa Kendarius ulikuja mapema. Aliondoka vizuri, akashuka vizuri, akakata kama kisu. Alipogeuka, mlinzi wa Coldwell alikuwa tayari amesimama pale, akaupiga mpira chini.

Huyo ndiye Jaquell Moseley, kijana mwembamba mwenye mdomo usiochoka. "Pole, kaka," akasema. "Kumbe nawe ulikuwa unakuja huku?"

Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Jaquell aliudaka mpira kabisa, akakimbia nao mpaka mstari wa mwisho, Coldwell wakapata pointi zao. Aliporudi alimpiga Kendarius bega. "Ahsante kwa kunikaribisha. Kwenu mnapenda wageni."

Wakati wa mapumziko Coldwell walikuwa mbele. Kocha Stubblefield hakupiga kelele, na hilo likamuuma Kendarius zaidi.

"Mwanangu, njia zako sina la kuzisema," kocha alimwambia. "Mazoezini huna kasoro. Lakini yule mtoto anafika kabla yako, na sijui kwa nini. Akiuchukua mmoja tena, Lamarcus anaingia, wewe unakaa."

"Sawa, Kocha."

Akatoka na wenzake huku kichwa kimeinama. Nyuma ya goli akina mama wa kanisa walikuwa wanakaanga kambare, Bibi Ozella katikati yao na aproni yake ya maua. Hakuna aliyepiga mbiu. Hata hivyo watu walishateremka majukwaani, wamepanga foleni, sahani za karatasi mkononi.

Kendarius akasimama. Mlango umefungwa, madirisha yamefungwa, jirani kaja na sahani.

Harufu.

Akacheka peke yake, kisha akaacha ghafla. Jaquell naye alikuja na sahani yake. Sasa kwangu mimi, akajiuliza, kinachonuka ni nini? Alikuwa anawaza mpira utakaofuata, namna atakavyoupokea, ndipo akahisi kitu mdomoni. Ulikuwa ukanda wa glavu yake ya kudakia. Alikuwa anaukaza kwa meno.

Akauachia taratibu. Kila alipojua mpira unamjia, aliuma ule ukanda ili glavu imkae sawasawa. Usipomjia, hakuuma. Mazoezini wenzake walijua kila mpango kabla haujaanza, nani angehangaika kumtazama meno? Jaquell alimtazama.

Akamfuata Roderick, mrushaji wao. "Rod, tukikimbia na mpira upande wangu, mimi nitauma glavu."

"Utauma nini?"

"Wewe pitisha watu tu."

Basi kipindi cha pili kikaanza, ukaitwa mpango wa kukimbia na mpira, si wa kurusha. Kendarius akauma ukanda, akaukaza kwa madaha. Akaondoka mbio, akakata pembeni, na Jaquell akamwandama kama kivuli. Nyuma yao mkimbiaji wa Sumrow akapita pale palipoachwa wazi, kama mtu anayetembea ukumbini kwake. Jukwaa likainuka.

Zamu iliyofuata hakuuma kitu. Jaquell akalegea, hata akaweka mkono kiunoni. Kendarius akakata, mpira huo, ukatua kifuani.

"Leo hukunikaribisha," Jaquell akasema, uso umemkunjika.

"Chakula kilikuwa kidogo, kaka."

Lakini Coldwell walikuwa wagumu. Saa ikaenda ikibana, Sumrow wakawa nyuma kwa pointi nne, na mpira ukabaki mbali na mstari wa mwisho. Kendarius akakimbilia kwa kocha.

"Kocha, acha nijifanye nakata pembeni, halafu nipande mbele."

Stubblefield akamkazia macho. "Ukikata naye akatulia nyuma, hatuna kitu. Tumekwisha."

"Hatatulia. Nitamkaribisha."

Kocha akavua kofia, akaivaa tena. "Nenda."

Kendarius akasimama mahali pake. Akainua mkono polepole, akauma ukanda, akaukaza mpaka hata walioketi juu wangeweza kuona. Jaquell akatabasamu.

Mpira ukachezwa. Kendarius akaondoka kifua chini, akashusha nyonga, akakanyaga, akakata pembeni. Akageuza kichwa, akanyoosha mikono, uwongo mtamu mpaka kwenye ncha za vidole. Jaquell akaruka mbele yake kuudaka mpira.

Mpira haukuwapo.

Kendarius akakanyaga mguu wa nje, akageuka, akapanda kando ya mstari wa pembeni peke yake. Roderick ndipo akaurusha. Ulikuwa juu sana, ukizunguka kwenye mwanga wa taa. Mikono akaificha mpaka dakika ya mwisho, kama alivyofundishwa, kisha akaitoa. Ukatua ndani kama mtoto anayelazwa. Alipovuka mstari wa mwisho, pointi sita zikawa zao, hakusikia ngoma wala tarumbeta. Alisikia pumzi zake tu, halafu wenzake wakamwangukia.

Saa ilipokwisha, Jaquell alimfuata. "Lakini uliuma glavu," akasema, kama mtu aliyedhulumiwa.

"Niliuma." Kendarius akampa mkono, na yule akaushika, akitikisa kichwa.

Watu walikuwa wamefurika uwanjani, wazee kwa watoto, wanamvuta huku na huku, lakini yeye akapenya mpaka nyuma ya goli. Bibi Ozella alikuwa na kijiko cha kukaangia mkononi na machozi mashavuni, akisingizia moshi.

"Harufu ya kambare anayekaangwa," Kendarius akasema.

"Wiki nzima imekuchukua, mume wangu."

"Vyombo vyako leo, Bibi."

Bibi Ozella akatazama yale makarai ya mafuta, meusi, yamerundikana kama mlima. Akamjazia mjukuu wake sahani mpaka juu, akakunja mikono ya sweta, akaanza kusugua huku akiimba.