Koki Imefungwa

Haya yote ni kweli. Si kweli ya kijiweni inayovutwa ikarefuka kama mpira wa manati. Ni kweli tupu, na nikitia hata chumvi ya kuonja, mvi hizi zinyonyoke nibaki na kichwa kama yai.

Nilifanya kazi miaka thelathini na moja kwenye mtambo wa kusafisha majitaka. Waliniita Mzee Koki, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kufungua na kufunga koki za mabomba. Shule sikuiona sana. Mabomba ndiyo yaliyonisomesha. Nilikuwa nikiweka sikio juu ya bomba nakuambia mtaa gani jana wamekula maharage.

Mwaka ule mtambo ulipanuliwa ukiwa kazini. Injinia wetu, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kengele, alisema, "Mji hatuwezi kuuambia ujibane miezi minane." Basi tangi la kwanza likabeba mzigo wote, la pili likakaushwa litengenezwe, halafu yabadilishane. Majitaka yalipitishwa pembeni kwa bomba la muda. Mafundi wakaliita Mchepuko, maana lilihudumia wakati mwenye nyumba hayupo.

Siku ya kujaribu pampu mpya, shemeji yangu alikuwa chini ndani ya tangi la pili, kina cha mita tano, akichomelea vidato vya chuma ukutani. Ni kaka wa marehemu mke wangu. Mke wangu tulikuwa tumemzika siku tisa kabla. Watu waliniambia nipumzike, lakini nyumbani ndala zake zilikuwa bado mlangoni, nikaona bora kazini. Sikulia. Nilikunywa chai bila kujua kama ina sukari.

Kilichofuata, shikeni viti. Mchepuko ulipasuka wenyewe, majitaka yakamwagikia tangini kwa nguvu ya tembo saba. Sikuvua hata buti. Nilipiga mbizi, kichwa mbele, nikabana pumzi dakika kumi na mbili, nikamkuta shemeji chini kabisa amekunja nne. Nikambeba begani pamoja na mashine yake ya kuchomelea, na njiani nikaokota miwani ya injinia iliyopotea tangu mwaka juzi.

Nilimsomea shemeji hadi hapo, jana, uani kwake. Alisikiliza kwa adabu kama anayesomewa barua ya serikali.

"Umemaliza, shem?"

"Bado kidogo."

"Hiyo miwani nimeipenda. Sasa niambie, nani alizungusha gurudumu la koki?"

"Mimi."

"Nani?"

"Injinia."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimelishika."

"Basi andika hilo. Nipo, sina haraka."

Naandika.

Asubuhi ile nilitoa koki mpya kwenye sanduku, koki ya kuzuia maji ya pampu yasiingie tangi la pili. Nikaifunga kati ya mabomba mawili kwa bolti kumi na mbili, nikazikaza moja moja. Mpaka leo haivuji. Gurudumu lake sikulizungusha. Ilitoka kiwandani ikiwa wazi, ikabaki wazi.

Injinia akaniuliza kwenye redio, "Mzee Koki, ya tangi la pili imefungwa?"

"Imefungwa barabara, mama."

Yeye aliuliza kama njia ya maji imezibwa. Mimi nilijibu kwamba koki imekaa mahali pake. Neno lile nililijua miaka thelathini kwamba lina milango miwili, na kila mara nilikuwa nauliza ni upi. Siku ile sikuuliza.

Pampu ikawashwa. Nimelishika gurudumu, nikasikia maji yakipita chini ya viganja vyangu.

"Funga koki! Kuna mtu ndani! Funga!"

"Nimeshafunga, mama."

"Mzee, funga!"

"Bolti zote kumi na mbili."

Niliona anapiga kelele bure. Akaja mbio, kofia imemdondoka, akanisukuma kwa bega, akaanza kuzungusha. Mizunguko thelathini na minane. Mimi nilisimama pembeni nikihesabu.

Maji yaliiangusha ngazi ya mbao aliyoshukia shemeji. Akarukia kidato alichokuwa amekichomelea punde tu, chuma bado kina moto, akaning'inia hapo. Akiachia, anazama. Hakuachia. Maji yalimfika kidevuni ndipo yakasimama. Tangu siku ile hajachomelea tena; kikombe anakishika kwa mikono miwili.

Nilichungulia chini. Akanitazama. Nikamwuliza, "Shem, umekunywa chai?"

Mji haukukosa choo hata saa moja. Ripoti ilisema hivyo.

Nilipomsomea tena, nikafika kwenye chai, shemeji aliinamisha kichwa.

"Kumbe hiyo unaikumbuka."

"Naikumbuka."

"Yule tuliyemzika alikuwa dada yangu. Udongo tuliutupa pamoja, mimi na wewe. Na mimi niliingia kazini na akili zangu, shem."

Nilitafuta neno la kumchekesha, nikalikosa.

"Pole," nikasema.

"Pole nimekula nyingi, hazishibishi." Akaingia ndani, akatoka akisukuma ndoo kwa mguu, koleo amelibana kwapani. "Shimo la choo changu limeziba tangu Jumatatu. Mikono hii haishiki mpini. Utalipa leo."

Nikakunja suruali, nikashuka. Nilichota mpaka alasiri: matope, matambara, kijiko kimoja, soksi isiyo na mwenzake. Yeye alikaa juu kwenye kigoda akinisimamia.

"Pembeni hapo umeacha, mzee mzima!"

"Napaona."

"Harufu vipi huko?"

"Siisikii."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Kama sukari ya chai ile."

Akanisogezea ndoo ya pili.

"Basi endelea," akasema.