Mistari ya Kuvukia

Illuminée alikuwa na mguu mmoja mzima na mwingine wa kujikokota. Huo wa kujikokota ulikuwa kazi ya lori la saruji, lililomgonga miaka miwili iliyopita akivuka barabara kuu na beseni la karoti za Nyakiriba kichwani, pale wauza mboga wote wanapovukia kwenda mpakani. Tangu hapo aliomba kitu kimoja tu: mistari myeupe. Kila mara alijibiwa kwamba barabara itapanuliwa, itakuwa na njia nne na daraja la waendao kwa miguu. Kuipaka rangi sasa ni kuharibu rangi.

Alhamisi moja mhandisi wa mradi huo wa upanuzi, Derek, kijana aliyekulia Uganda, aliwaita wakazi mkutanoni kwa mara ya tano. Viatu vyake vilimeta. Akatandaza ramani. Ilikuwa ile ile, tarehe tu ndiyo iliyobadilishwa.

"Tuwe na subira, mama zangu. Uchunguzi haujaisha."

"Bon," alisema Illuminée. "Mwaka hii bamekufa batu batatu pale. Nao munabachunguza?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Derek alifungua chupa ya maji, akanywa polepole mpaka kicheko kikaisha, akaaga.

Gari lake lilikuwa ng'ambo ya barabara. Illuminée alimkuta ukingoni amekumbatia ramani, ananyanyua mguu, anaurudisha, malori yakimpita puani. Alimtazama kama mtu anavyomtazama kuku aliyenyeshewa.

"Mama, munavuka namna gani hapa?"

"We njo mwenye kuchora barabara, unaniuliza mi?"

"Basi nishike mukono."

"Ngojea daraja."

Akamwinulia dereva mmoja kiganja, akajikokota hadi ng'ambo bila kugeuka. Nyuma yake Uwamariya, muuza ndizi, alishindwa kuvumilia. Akamvusha mhandisi kama mtoto wa chekechea.

"Una huruma ya bure," Illuminée alimwambia.

"Naye ni mutu."

"Mutu?" Akatema mate pembeni.

Wiki mbili baadaye rangi ilikuja. Mistari ilipakwa, myeupe pee, hatua mia tatu kutoka pale, mbele ya hoteli ambako wageni hushukia mlangoni na hakuna anayevuka. Illuminée alikwenda kuitazama, akaguna, akarudi. Yeye na Uwamariya wakajitwika mabeseni, wakasimama ukingoni pale pale pao, wakasubiri lori la mafuta lipite.