Nilimwambia Afute D

Jumanne jioni darasani tulifundishwa kugawa diski ya kompyuta sehemu mbili, C na D, na Jumamosi asubuhi nikajiona naweza kumfundisha mtu. Nina miaka hamsini na minne. Mimi ni fundi cherehani, na kompyuta nimeanza kuijua juzijuzi.

Kwenye kundi letu la kusaidiana mtandaoni, dada mmoja aliandika: "Habari zenu. C imejaa, mashine inajikokota. D ipo tu, sijawahi kuitumia. Nifanyeje?"

Niliweka mkasi chini. Kwa miezi sita nilikuwa mtu wa kuuliza tu kundini. Nilifumba macho, nikamwomba Mola aongoze vidole vyangu, kisha nikaandika hatua kwa hatua: ingia panapogawiwa diski, futa D, panua C ichukue nafasi yote.

"Fundi kaacha suruali za watu, sasa anakata diski," mmoja akatania.

"Huyo dada atatoka na mguu mmoja mfupi," akadakia mwingine.

Nikacheka nao.

Yupo mwenzetu tunamwita Kobe, maana hajibu mpaka aulize maswali matano. Akaandika: "Dada, usifute kwanza. Fungua D, piga picha ya kilichomo, tuone."

Nikamkatiza. "Kaka Kobe, kashasema haitumii. Tusimchoshe dada wa watu."

"Asante fundi," dada akaandika. "Nishafuta. C sasa ina nafasi tele."

Nikarudi kwenye suruali nikimshukuru Mungu kwa sauti, hata mke wangu akatoka jikoni kuuliza kulikoni.

Saa nane mchana dada aliniandikia pembeni. "Fundi, rekodi za baba hazifunguki. Majina yake yapo kwenye skrini, ila nikibonyeza inaniambia faili halipo."

Kisha akanieleza. Baba yake alitolewa zoloto, kile kiungo cha sauti kooni, kwa sababu ya saratani. Wiki moja kabla ya upasuaji alikaa mbele ya kompyuta hiyo akarekodi hadithi ishirini na moja za wajukuu, ili sauti yake ibaki. Sasa anaongea kwa daftari na kalamu. Aliyewauzia kompyuta ndiye aliyeipanga ihifadhi rekodi zote D, na dada hakuwa na habari. Yale majina kwenye skrini yalikuwa vionyesho tu vya kumfikisha huko.

Sijawahi kukata kitambaa cha mtu kabla ya kumpima, hata awe shemeji yangu. Lakini huyu nilimkatia bila kumuuliza swali hata moja, nikidhani sala yangu imetosha.

Nikampigia Kobe. Hakunisema.

"Mwambie azime mashine sasa hivi, asiiwashe tena. Ameingiza kitu kipya?"

"Filamu za watoto. Anasema anashusha tangu asubuhi, kwa kuwa nafasi imepatikana."

"Fundi, kila kinachoingia kinaweza kuandikwa juu ya sauti ya huyo mzee."

Dada alimpelekea Kobe mashine. Siku tatu Kobe alichambua ile diski, na siku tatu mimi nilifunga. Sikujua mtu anamwombaje Mungu faili. Nilipiga magoti kando ya cherehani nikasema tu, Bwana, ni ishirini na moja.

Lilipatikana moja, nalo halikuwa zima. Lina sekunde kumi na moja. Dada alinitumia nisikilize. Nilisikia sauti nzito, ya upole, ikisema: "Imeanza? Ngoja kwanza ninywe maji." Kikombe kikagusa meza. Basi.

Niliandika, nikafuta, nikaandika tena: "Dada yangu, kosa ni langu. Kobe alitaka kukuuliza, mimi nikamzuia. Sina cha kujitetea."

Aliusoma ujumbe mara moja. Jibu lilikuja kesho yake, nikiwa nimeshika mkanda wa kupimia kwenye bega la mteja. Hakusema kwamba amenisamehe.

"Baba kaisikiliza," aliandika. "Kaandika kwenye daftari: rudia. Tumerudia mara tisa. Bado kaweka kidole pale pale kwenye hilo neno."