Bi Mwantumu Hataki Kukaa

Bi Mwantumu anasinzia Jumamosi adhuhuri kwenye kochi la bintiye mjini Dodoma, na anasinzia kwa hasira, maana hakuna kazi aliyoachiwa aifanye. Tangu ashuke jana kwenye basi la kutoka Muheza, kila anachokishika Sakina anampokonya. Ameshika ufagio, mama kaa. Ameshika sufuria, mama kaa bwana, umechoka na safari. Hata mbuzi ya kukunia nazi, aliyoibeba kwapani njia nzima, imeegemezwa nyuma ya mlango wa jikoni pamoja na nazi zake, kwa kuwa humu ndani tui linatoka kwenye pakiti. Na kilichomleta ni maneno ya kwenye simu: mama, njoo wikiendi hii, nina jambo nataka kukuambia. Jambo lenyewe mpaka sasa halijasemwa, na kesho anarudi. Labda amekwisha kuwa mgeni kwa mwanawe wa kumzaa, na mgeni haambiwi ya ndani. Wazo hilo linamuuma kuliko anavyotaka kukubali. Anafumba macho kidogo tu, azipumzishe kope.

Zulia linaanza kutembea. Linamtoa mlangoni taratibu, linateremka ngazi bila kukunjika, linakuwa barabara nyekundu yenye manyoya laini, barabara isiyo na mwisho, na Bi Mwantumu yuko juu yake peku, mbuzi yake kwapani, wala hashangai. Pande zote mbili ni mji wa vioo. Nyumba za vioo, misikiti ya vioo, hata genge la nyanya ni la vioo, na ndani ya kila kioo anajiona mwenyewe ameketi: hapa ameketi na soda, pale ameketi miguu juu ya stuli, kule ameketi mdomo wazi akitazama tamthilia. Wote hao ni yeye na wote wamenenepa. Anacheka mpaka anajishika kiuno. Kisha anasikia vishindo, anageuka, kumbe makochi yanamfuata, makubwa kwa madogo, yanahema kwa miguu yao mifupi, yanasema kaa mama, kaa mama, umechoka na safari. Anatimua mbio. Hajakimbia hivi tangu usichana wake, na magoti hayamuumi hata chembe, upepo unajaa ndani ya dera, na anaona raha ambayo hatathubutu kumsimulia mtu.

Kwenye njia panda amesimama mwanamke aliyejifunga kanga isiyo na maandishi. Uso hana. Mahali pa uso pamelainika kama yai lililomenywa, lakini anaonekana anatabasamu. Shikamoo, anasema Bi Mwantumu, maana mtu asiye na uso huwezi kuujua umri wake. Marahaba, anajibu yule, unatafuta nini? Namtafuta binti yangu aniambie jambo lake. Jambo liko kwenye kiti, anasema yule. Viti si ndivyo hivi vinavyonikimbiza? Si hivyo. Ni kiti chenye meno, na anayekikalia mikono yake haipumziki. Mama we, nieleze nielewe, nina basi la kesho. Yule mwanamke anacheka bila mdomo, anageuka, na njia panda inageuka naye, ya kulia inakuwa ya kushoto, na Bi Mwantumu anajikuta anapita tena palepale, genge la vioo, misikiti, soda, miguu juu ya stuli, na tena palepale, mpaka anafika kwenye kioo kimoja ambacho yeye hayumo.

Ndani yake ni uani kwake Muheza, asubuhi, kuni zinafuka moshi. Mtoto amekaa kizingitini amekumbatia magoti. Ni Sakina, mdogo, meno ya mbele hana. Mama, anasema, mbona hukai? Nitakaa saa ngapi na kazi hizi, anajibu Bi Mwantumu, kama alivyokuwa akijibu kila siku ya Mungu. Nina jambo nataka kukuambia, anasema mtoto, lakini mpaka ukae. Bi Mwantumu anatazama huku na huku. Uani hamna kochi wala kiti. Ndipo anapoikumbuka mbuzi iliyo kwapani, ambayo meno yake yamemchoma ubavu safari nzima. Anaikunjua, anakaa, anaanza kukuna, na mara anahisi mgongoni joto la kichwa kidogo kinachomwegemea. Kweli, ndivyo ilivyokuwa. Siku nzima alikuwa akizunguka kama pia, na mtoto huyu alikuwa akisubiri nazi ikunwe tu, ili apate mgongo wa kuegemea, na mambo yake yote, ya shule, ya ugomvi, ya jino lililong'oka, aliyasemea hapo. Machozi ya furaha yanamtoka na hayafuti, mikono imejaa nazi.

Mama, anaitwa. Anafumbua macho. Zulia limetulia. Jikoni kuna sauti ya kitu kinachokwaruzwa vibaya. Anakwenda, anamkuta Sakina, mtu mzima, kucha zimepakwa rangi, amekaa upande kwenye mbuzi na anakuna kifuu zaidi ya nazi. Wali wa tui la pakiti haunukii, mama, anasema bila kuinua kichwa. Na wewe tangu jana nakusihi ukae tuzungumze, ukikaa unanuna kama uko foleni ya hospitali. Nina jambo nataka kukuambia, lakini mpaka ukae.

Bi Mwantumu anashtuka. Anatazama kioo cha dirisha la jikoni, anamwona mwanamke aliyejifunga kanga, na mwanga unavyopiga, uso wake hauonekani. Hajui kama ameamka au ameingia tu kwenye nyumba nyingine ya mji ule. Haidhuru.

Pisha nikae, anasema.

Anakaa. Nazi inaanza kudondoka nyeupe kwenye bakuli, na Sakina anachuchumaa sakafuni nyuma yake, kichwa kizito cha mtu mzima kinakuja kumwegemea mgongoni, huko asikoweza kuona kina uso au hakina. Haya mwanangu, anasema Bi Mwantumu, huyo mchumba anaitwa nani?

Nani amekwambia, mama? Na mgongo wa Bi Mwantumu unaanza kutikisika kwa kicheko, asijue kicheko ni cha nani kati yao wawili, na anakuna polepole, nazi isije ikaisha.