Dodoso Namba Kumi na Saba

Nyumba sitini, na katika zote sitini hakuna mtu aliyewahi kuumwa hata kichwa. Hivyo ndivyo madodoso yangu yalivyosema. Na mimi, afisa afya mwenye miaka tisa kazini, niliyajumlisha kwa furaha, nikaandika sura ya nne ya tasnifu yangu ya uzamili, nikamtumia msimamizi wangu, Dokta Stella.

Alinipigia nikiwa sokoni Makambako, nachagua nyanya.

"Emilia, watu hawa wanapiga dawa kwenye viazi kila wiki, maji ya kunywa wanachota bonde hilo hilo, halafu hakuna hata mmoja aliyewahi kuwashwa ngozi? Utafiti umeufanyia kijijini au mbinguni?"

Nilicheka, kisha nikaacha, maana yeye hakuwa anacheka.

"Kile ni kijiji cha nani?" akauliza.

Kilikuwa kijiji cha mume wangu, Amon, nyuma ya kata ya Yakobi, Njombe. Nilikichagua kwa sababu nilijua nitapokelewa, na mwenyekiti mwenyewe ananiita kwa jina la binti yangu, Mama Peace. Nilijiona mjanja. Kumbe kule mimi ni mkwe, na kwa Wabena wa ukoo ule mkwe haelezwi mambo ya mwili wa baba mkwe. Mzee mwenyewe hawezi kumwambia, na mkewe hawezi kumsemea. Sasa baba mkwe wangu, mzee Nathanieli, ana undugu na nusu ya kijiji. Kila mwanamume niliyemuuliza kama amewahi kuugua baada ya kupiga dawa alikuwa baba mkwe wangu wa namna fulani, na kila mmoja alinijibu kwa upole, "Tupo salama, mwanangu," akaagiza niletewe mahindi ya kuchoma. Mada yangu, Mungu anisamehe, ilikuwa afya, utamaduni na mazingira. Utamaduni nilikuwa nimejifunga kiunoni, nikawa nautafuta kwa watu.

"Tafuta mgeni," Dokta Stella akasema. "Mtu mzima asiye na undugu nao, arudie nyumba zote. Una mpaka mwisho wa Julai. Ukichelewa, unasubiri mwaka."

Mwaka sikuwa nao. Ruhusa yangu ya masomo ilikuwa inakwisha, na kazini walishasema hakuna nyongeza.

Nikampata mwalimu Valeriani, mstaafu wa pale Makambako, mtu wa Songea, mvi kichwa kizima na mwandiko wa ubaoni. Alikaa kijijini siku sita. Aliporudi alitua mfuko wa madodoso mezani kwangu, akavua miwani.

"Mama, watu wale wanaumwa."

Wanaumwa kweli. Nyumba arobaini na moja kati ya sitini: kutapika, mikono kutetemeka, ngozi kubabuka. Nakiri kwamba nilisoma huku nashangilia moyoni, maana sasa nilikuwa na kitu cha kuandika. Nilishangilia mpaka nilipofika dodoso namba kumi na saba.

Madodoso hayana majina, yana namba tu, lakini namba hizo niliwagawia mimi, nyumba kwa nyumba. Kumi na saba ni kwa mzee Nathanieli. Mwalimu Valeriani alikuwa ameandika: "Mpira wa bomba la kupigia dawa ulipasuka siku nne zilizopita, dawa ikamwingia jicho la kushoto. Linauma usiku na mchana. Linaona ukungu. Analiosha kwa maji ya chumvi. Hajaenda hospitali."

Nilirudia kusoma mara tatu. Jumapili iliyokuwa imetoka kupita nilikuwa pale. Nilimnawisha mikono, nikamtengea ugali, nikasimama hatua mbili kutoka kwake nikisubiri kuondoa vyombo. Sikuona kitu. Ningeonaje? Mkwe hamtazami baba mkwe usoni. Viatu vya mzee yule navijua kuliko macho yake.

Mwenye akili angepanda gari saa ile ile. Mimi nilichukua fomu ya ridhaa niliyoitunga mwenyewe, nikasoma mstari wa tano: "Majibu yako hayatafikishwa kwa mtu yeyote wa familia yako wala wa kijiji chako." Chini yake sahihi yangu. Mzee alimwambia mgeni kwa sababu hakutaka sisi tujue, ndivyo nilivyoelewa. Nikienda kumwambia, "Baba, jicho," atajua kwamba siri imevuja, na kabla ya jua kuzama kijiji kizima kitajua. Kamati ya maadili ya chuo ikisikia, tasnifu ndiyo basi tena.

Nilimpigia Dokta Stella, nikamweleza bila kumtaja mtu.

"Iandikie kamati, omba ruhusa ya kutoa siri kwa usalama wa mshiriki," akasema. "Huwa hawakawii."

Niliandika siku hiyo hiyo. Walikawia.

Jumapili ya kwanza nilienda kijijini nimejipanga kumtajia mama mkwe daktari wa macho aliyepo mjini Njombe, kama habari tu ya kupita. Nilifungua mdomo, nikamuuliza bei ya viazi. Amon nilimpigia mara mbili huko Makete anakofundisha, na mara zote mbili nikaishia kuuliza kama huko Kitulo kuna baridi. "Juni hii unategemea nini?" akanijibu. Alikuwa anasahihisha mitihani, hakuwa na muda wa kusikia sauti yangu ilivyokuwa.

Jumapili ya pili, kanisani, mzee wa kanisa Nathanieli alisimama kusoma matangazo. Akaisogeza karatasi mbali, akaileta karibu, kisha akampa jirani yake, Enoki, asome. Watu walidhani ni heshima kwa Enoki. Mimi nilibana kitabu cha nyimbo mpaka kucha zikaacha alama kwenye jalada.

Kazini nilifungua barua pepe mara kumi kwa saa. Kamati kimya. Sura ya nne ilikuwa inanenepa na mimi nakonda. Na sitajificha nyuma ya kamati: siri ya mzee haikuwa kitu pekee nilichokiogopa. Niliiogopea tasnifu yangu. Nilikuwa nimeipima pamoja na jicho la mtu, na kila asubuhi nilijiambia jicho linaweza kusubiri barua moja.

Jumapili ya tatu nilimletea maji ya kunawa kama kawaida. Nilikuwa nimeinama, naangalia mikono yake tu. Nikamimina. Mikono ilikuwa pembeni, upana wa kiganja kizima pembeni, imekinga mahali pasipo na maji. Maji yakaanguka sakafuni, yakalowesha soksi zake. Akahamisha mikono taratibu, akitafuta maji kwa kusikiliza.

Nikaweka birika chini. Mama mkwe alikuwa mlangoni na bakuli la maharage, akasimama hapo hapo.

"Baba," nikasema, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nikainua uso nikamtazama. Kofia ilikuwa imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Chini yake jicho la kushoto lilikuwa limevimba, na katikati, penye weusi, pamekuwa peupe. "Baba, nimeisoma karatasi yako. Ile ya mwalimu. Nisamehe, sikuruhusiwa kusema, lakini jicho hili leo leo linakwenda hospitali."

Nilingoja anikemee, au ainuke atoke. Mzee alifuta mikono kwenye magoti.

"Umeisoma lini, Mama Peace?"

Ningeweza kusema jana. Nilitamani sana kusema jana.

"Wiki tatu zilizopita."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayehakikisha hesabu yake.

"Yule mwalimu nilimuuliza, karatasi hizi anazisoma nani? Akasema, mtafiti peke yake, hakuna mwingine. Ndipo nikamweleza. Mimi siwezi kukwambia mambo ya mwili wangu, na mama yako hapa hawezi. Nikasema, basi Mungu ameleta njia. Mtu wa afya humu ndani ni wewe." Akageuza uso kunitafuta kwa jicho la kulia, dhaifu kwa uzee. "Jumapili ile umekuja, nikajua utaniambia twende. Ukaniuliza hali ya shamba. Na ya pili hivyo hivyo. Nikamwambia mama yako, labda mtoto ana kazi nyingi, hajaifikia ya kwangu."

"Niliifikia, baba."

"Sawa," akasema.

Mama mkwe alitua bakuli mezani akaingia chumbani kumtafutia koti. Mzee alisimama, akashika ukingo wa meza, kisha akanyoosha mkono hewani upande wangu. Nikaushika. Hilo nalo mkwe halifanyi.

"Wiki ile ya kwanza," akasema tukiwa tunatoka, bila kunilaumu, "jicho hili lilikuwa bado linaona mwanga."