Onyo la Eddah

Osewe, mwanamuziki wa Kisumu Ndogo, Nairobi, alitaka jambo moja: watu wajue kuwa wimbo aliotunga ni wake. Ndiyo maana fundi wa studio alimshauri autie alama. Nakala ya kuonjesha ingekatizwa kila baada ya ubeti na sauti ya onyo, na mwenye kutaka wimbo safi angeutafuta kwa Osewe. Sauti yake mwenyewe ilikuwa ya upole mno kwa kazi hiyo. Onyo likasemwa na mkewe, Eddah, muuza dagaa wa omena aliyezoea kukaripia wateja wanaojiongezea.

"Wewe. Huu wimbo ni wa Osewe. Kama hukununua, zima."

Nakala hiyo iliibwa mara moja ikasambaa hadi Kawangware. Osewe hakukasirika, alingoja wanaotaka wimbo safi. Hawakuja. Akautia kwenye flashi, akaupeleka mwenyewe kituo cha Kawangware 46 kwa Boaz, ambaye hujazia watu nyimbo kwenye simu.

Boaz akasikiliza hadi mwisho.

"Mzee, hii ni feki."

"Feki namna gani? Mimi ndiye Osewe."

"Hata jana kuna Osewe mwingine alikuja. Sikia, orijino iko na mama anagombana. Hapa wamemkata."

Mteja aliyekuwa akisubiri akamtazama Osewe kutoka viatuni hadi kofiani. "Mzee mzima, unaiba kazi ya watu."

Osewe akaandika namba yake ya simu ukutani, mwenye shaka ampigie, akaenda zake.

Aliyepiga ni Trizah, mwenyekiti wa kamati ya harusi huko huko Kawangware.

"Ndiwe Osewe wa ule wimbo?"

"Ndimi."

"Tunakuhitaji Jumamosi."

Osewe akavuta kiti, akakaa. "Nije na bendi nzima?"

"Kuja na yule mama. Gitaa pia unaweza kubeba."

Eddah alipoelezwa, aliuliza swali moja tu. "Baba Caren, nitagombana na nani na siwajui?"

Siku ya harusi, Osewe aliimba ubeti wa kwanza watu wakila. Kisha Eddah akasimama na kuwaambia kwamba wimbo ni wa Osewe, na kama hawakununua, wazime. Hema zima likainua simu kumrekodi. Wakamwomba arudie. Aliporudia, walilitaja jina la Osewe pamoja naye, wazee kwa watoto, na Osewe akainamia gitaa lake ili asikosee.