Mafungu ya Ketrina

Kule kwao Kitwe, ng'ambo ya mpaka, Teresia alisukuma kitoroli kati ya rafu, akachagua nyanya moja moja, akalipa, kazi kwisha. Mumewe Zabron alipopunguzwa kazi mgodini wakahamia Tunduma, akakuta chumvi iko kwa huyu, mafuta ya kupima yako kwa yule, na nyanya ziko gengeni kwa Ketrina. Aliona shida tupu, na hakuficha.

Sasa mama mkwe alikuwa anakuja kutoka kijijini kwake Ruanda, kula kwa mkwewe mara ya kwanza. Huko walishasema Zabron kaoa mwanamke wa madukani, soko halijui. Teresia alitaka mchuzi wa kuwafunga midomo. Akafika gengeni asubuhi, akachukua nyanya mbili nzuri kwenye fungu hili, moja kwenye lile, tatu kule, kama alivyozoea.

Jamani, fungu halichaguliwi. Mwenye genge kalipanga, kubwa juu, ndogo chini. Unalichukua lilivyo au unaliacha. Ketrina alipoona mafungu yake matatu yamebomoka, akamnyang'anya zote.

"Sikuuzii. Na hapa hakuna atakayekuuzia," alisema kwa Kibemba, lugha ya kina Teresia, mgeni asipate kisingizio.

Kweli, wenye magenge wote wakatazama pembeni. Teresia aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka. Lakini bila nyanya hakuna mchuzi. Akachuchumaa, akaanza kuyapanga upya mafungu yale, akizifuta nyanya kwa kitenge chake. Ketrina alinuna, kisha akamsogezea kigoda, kisha akaenda zake kunywa chai.

Ndipo basi likamshusha mama mkwe, naye akapitia gengeni, maana mtu haendi kwa mwanawe mikono mitupu. Akamkuta mkwewe kakaa nyuma ya nyanya. Teresia akapiga magoti, akasalimia, akitamani ardhi ipasuke.

Mama aliitikia, akayatazama mafungu. "Fungu kiasi gani?"

Teresia akataja bei.

"Nipunguzie. Mimi mama mkwe wako."

"Siwezi, mama. Mali ya Ketrina, na mwenyewe hayupo."

"Haya. Na nyongeza yangu?"

Teresia akapekua zilizobaki nje ya mafungu, akamwongezea moja. Ndogo.

Mama mkwe alicheka hadi akashika kiuno. "Nani kasema huyu soko halijui?" akawauliza wenye magenge.

Mchana ule mchuzi ulikuwa mzito, mwekundu, na nyanya zake mama mkwe alikuwa amezilipia mwenyewe.